Nimekuta mmea kama iliki msituni, haumo kwenye vitabu. Naweza kuupa jina?

MtotoWaSigi

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya mimea, wale wa utani mnivumilie kwanza.

Mi natembeza wageni huku Usambara Mashariki mwaka wa nane sasa, miti naijua kwa Kisambaa na yale majina ya kwenye vibao. Wiki iliyopita nilikuwa na mgeni wa ndege, tukashuka bondeni nje kabisa ya njia tulizozoea tukimfuata huyo ndege wake, tukafika kwenye kijito nikaona kitu kama iliki ila sio iliki. Majani marefu yamepangana pande mbili, shina limenipita kimo, nikisema mita 2 na nusu sijakosea sana. Sasa chini, kama hatua moja kutoka kwenye shina, katikati ya majani makavu limechomoza tunda jekundu lina shingo kama kibuyu kidogo. Nikalipasua, ndani nyama nyeupe chachu na mbegu nyeusi zinang'aa, ukitafuna mbegu inawasha kama pilipili alafu inaacha ubaridi mdomoni. Ua sikuliona zima, kulikuwa na kitu kimenyauka kama tishu iliyolowa, rangi ya waridi hivi.

Nimetafuta kwenye kitabu nilichonacho na kwenye simu mpaka bando limekata, hamna inayofanana. Mgeni akaniambia hii inaweza kuwa spishi mpya haijawahi kuandikwa duniani. Tangu hapo silali vizuri. Nikitaka kuiandikisha naanzia wapi? Lazima niwe na digrii? Na je naweza kuipa jina la marehemu mama yangu?

KichwaNgumu_Tz

Bei ya kilo ngapi hizo mbegu mkuu? Uza kwanza jina litakuja lenyewe 😂

Bwana Presi

Mkuu hongera kwa macho, na pole kwa kukosa usingizi. Mi nimefanya kazi hebariamu miaka zaidi ya 20, yaani yale maghala ya mimea mikavu iliyobandikwa kwenye karatasi, na watu wa "nimegundua mpya" nimewapokea wengi. Sikukatishi tamaa ila ngoja tuanze na mashaka maana mashaka ndo kazi yenyewe.

Shaka la kwanza ni hapo ulipo. Amani, huko huko kwenu Usambara Mashariki, sio msitu wa kawaida. Wajerumani walifungua kituo chao pale 1902 wakaleta mimea ya dunia nzima kuijaribu, na mingine ilitoroka bustanini ikaingia msituni ikafanya makazi. Msizi unaujua, ule mti umetapakaa kila mahali, na kwao sio huko. Kwahiyo mtu akikuta mmea wa ajabu Amani kitu cha kujiuliza kabla ya yote ni je, huyu ni mwenyeji au ni mtoro wa bustani? Tena iliki yenyewe ni mgeni kutoka India, na ipo mpaka leo kwenye mashamba ya zamani yaliyoachwa chini ya miti. Lakini iliki inazaa vidonge vya kijani kwenye vikonyo vinavyotambaa, haizai tunda jekundu lenye shingo. Hapo umepita.

La pili, kuna ukoo jirani unadanganya watu sana, Costus na wenzake. Wale majani yao yanazunguka shina kama ngazi ya mnara, na ukiyasugua hayanuki iliki wala tangawizi. Wewe umesema pande mbili. Umepita tena.

Kwa maelezo yako, tunda jekundu kutoka ardhini, mbegu za kuwasha, mi nakuweka kwenye jenasi (yaani kundi la spishi ndugu) ya Aframomum. Hii ndo "iliki" ya Afrika, ina spishi zaidi ya 50, nyingi ziko Kongo na Afrika Magharibi. Ile pilipili ya kale wafanyabiashara walikuwa wanaitoa Afrika Magharibi kupeleka Ulaya, Aframomum melegueta, ni ndugu yake huyo. Na korarima ya Waethiopia ni ndugu mwingine. Kwahiyo jenasi sio mpya. Spishi ndo hatujui, na hatutajua bila ua.

Nasema tena BILA UA HAKUNA KITU. Majani ya hawa ndugu yanafanana kama mapacha.

Matehe_256

Mimi niko Fort Portal, Kiswahili changu mtanisamehe. Hayo matunda huku kwetu tunayaita matehe, Waganda wanaita matungulu, watoto wanauza njiani. Sokwe wa Kibale wanakula sana, wanakula hata ile nyama laini ya ndani ya shina. Kwetu hakuna mtu anaona ni kitu kipya, ni chakula. Lakini ziko aina tofauti, moja tunda laini, ingine lina mistari, ingine majani yake ukivunja yananuka kama dawa ya kikohozi. Wewe lako lina mistari au ni laini?

MtotoWaSigi

Laini, halina mistari. Na juu kwenye ile shingo lina kama kikofia kikavu kimebaki. @Bwana Presi asante sana mzee wangu. Majani nimesugua leo, yananuka, katikati ya iliki na karafuu. Sasa ua linatoka lini? Nimeenda mara mbili mchana sijakuta kitu, yananyauka tu.

Bwana Presi

Unaenda mchana ndo maana. Ua la Aframomum ni la siku moja, linafunguka alfajiri, nyuki wanafanya yao, ikifika mchana limelegea, jioni ni uji. Hiyo tishu yako iliyolowa ndo ua la jana. Nenda uwepo pale saa 12 asubuhi.

Na kabla hujang'oa hata jani moja, pitia ofisi ya hifadhi. Kama ni ndani ya hifadhi ya mazingira asilia hiyo ni ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, huchukui sampuli kwa kuwa tu ni mwenyeji na unafahamiana na askari. Ikishakuwa utafiti kamili kuna kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na kama kipande kitatoka nje ya nchi kuna karatasi zake nyingine. Najua inachosha, ila siku hizi ukiandika spishi mpya bila vibali majarida wanaojiheshimu wanakurudishia.

Ukipata ruhusa fanya hivi. Shina moja linatosha kama yapo machache. Kata na kipande cha kile kiazi cha ardhini, angalau kipande cha sentimita kumi kumi na tano. Majani ni marefu hayaingii kwenye gazeti, yakunje kwa kona kama herufi N, na shina lipasue kwa urefu likauke. Ikibidi tumia magazeti matatu kwa shina moja na kila moja uandike 1 kati ya 3, 2 kati ya 3. Usambara unyevu wake unaujua, ukichelewa kukausha unaota ukungu, sasa kuna ujanja wa zamani wa Schweinfurth, unafunga magazeti yako bunda, unalitia kwenye mfuko wa plastiki, unamimina spiriti kiasi, unafunga, litakaa siku kadhaa mpaka upate moto wa kukaushia.

UA USILIBANE KWENYE GAZETI. Yaani bana moja kwa kumbukumbu ya sura, mengine yote tia kwenye chupa ya spiriti. Ua la ukoo wa tangawizi ni maji matupu, ukilikausha linakuwa karatasi ya soseji huoni kilichomo. Nimefungua mafaili ya miaka ya 1930 ambapo ua ni doa la kahawia tu, mtu kabeba huo mmea kilomita mia kwa wapagazi, alafu doa!

Na kipande cha jani kama viganja viwili kikatie kwenye silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, kwa ajili ya DNA. DNA sio lazima kisheria kutaja spishi mpya, lakini kwa Aframomum inasaidia kuvunja ubishi.

KichwaNgumu_Tz

Mzee spiriti ikikosekana konyagi je

Bwana Presi

Konyagi ni asilimia 35, ua litaoza likiwa limelewa. Tafuta spiriti ya duka la dawa, asilimia 70.

Mama Iliki

Mwanangu MtotoWaSigi, shikamoo zako nimepokea hata kama hujatoa. Mimi nimelima iliki toka nikiwa mwali mpaka tulipoachia mashamba yetu kule Derema msitu ushikane, hiyo hadithi ndefu siisemi leo. Mmea unaousema naujua. Sisi tulipokuwa tunapalilia iliki tulikuwa tunaung'oa kama magugu ukikaribia shamba maana unatambaa kwa chini kama mwizi, unakata hapa unachomoza kule. Mama mkwe wangu alikuwa anatwanga mbegu zake na chumvi kwa ajili ya gesi ya tumbo na watoto wakikohoa. Sio kila mahali, ni mabonde mawili tu nayoyajua mimi, na lingine sasa hivi sijui kama lina msitu bado.

Sasa mnasema "umegundua". Haya. Lakini uliza kwanza wazee wa kitongoji cha jirani na hilo bonde wanauitaje kabla hujauita jina la mtu.

MseeWaHebaria_Nai

Niaje wadau, naongezea kutoka Nairobi. Mama Iliki amesema kitu poa sana. Mnamkumbuka yule nyani kipunji? Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa wanamjua na walikuwa wanamwongelea, wanasayansi walipoanza kusikia hizo stori wakadhani labda ni jini la hadithi tu, kumbe yuko. Akaandikwa 2005, na jina la kisayansi likabeba hilohilo la wenyeji, kipunji. Na vinyonga kuna jenasi nzima inaitwa Kinyongia, tangu 2006. So jina la Kisambaa linaweza kuingia bila shida, sheria ya kimataifa ya majina ya mimea inaruhusu neno kutoka lugha yoyote, unalivalisha tu mkia wa Kilatini kama inahitajika.

Na @MtotoWaSigi digrii sio sharti. Sheria haiulizi vyeti, inauliza kama umetimiza masharti: kuwe na maelezo yanayoonyesha inatofautiana vipi na zingine, kuwe na kielelezo kimoja, yaani mmea mkavu uliohifadhiwa, kinachotajwa kama holotaipu (ndicho jina linafungwa nacho) na useme kimehifadhiwa hebariamu gani, na ichapishwe mahali panapokubalika. Kuandika kwenye Facebook au humu haihesabiki hata upate likes elfu kumi. Zamani maelezo lazima yawe Kilatini, tangu 2012 unaweza kutumia Kiingereza pia.

KichwaNgumu_Tz

Kiswahili je? Mmea wetu, msitu wetu, mama iliki wetu, alafu maelezo Kiingereza

MseeWaHebaria_Nai

Makala nzima unaweza kuandika Kiswahili hakuna anayekuzuia, lakini ile aya moja ya maelezo au ya tofauti lazima iwe Kilatini au Kiingereza. Hata Wachina na Wabrazil wanabanwa na hiyo. Hata mimi inaniuma.

Alafu kabla sijasahau, vielelezo vingi vya zamani vya Amani viko kwetu. Hebariamu ya Afrika Mashariki ilianzia hapohapo Amani, ikahamishiwa Nairobi 1950. Kwa hiyo inawezekana mmea wako uko kwenye kabati hapa na vumbi lake, umeandikwa "Aframomum sp.", yaani spishi haijatambuliwa, na mtu aliyekufa kitambo. Hii inatokea sana, spishi nyingi "mpya" zinakuwa zimekaa kabatini miaka mingi zikisubiri mtu wa kuzitazama.

Bwana Presi

Mlibeba mimea mkatuachia makabati 😅

Lakini kweli kabisa, na hapo ndo nilitaka kufika. Watu wanadhani kugundua ni kukuta. Kukuta ni siku moja, kulinganisha ni miaka. Ili useme hii ni mpya lazima uhakikishe sio yoyote kati ya zile zenye majina, na kuhakikisha maana yake ni kutazama kile kielelezo chenyewe ambacho jina lilifungwa nacho. Sasa sikia balaa la Usambara. Aliyeunda jenasi ya Aframomum ni Mjerumani Karl Schumann, 1904, na mwaka huohuo akafariki. Mimea mingi ya Usambara wa enzi ile ilienda Berlin kwake na kwa wenzake. Machi 1943 kwenye vita Berlin ikapigwa mabomu, hebariamu ikaungua, vielelezo vingi vikateketea. Kwahiyo kuna majina ya mimea ya milimani kwenu ambayo mmea wake wa kwanza ni majivu, imebaki mistari mitano ya Kilatini isiyotaja hata rangi ya ua. Mtu unasoma "folia lanceolata, glabra", majani kama mkuki hayana vinyweleo, aisee hiyo ni nusu ya mimea ya dunia.

Ukiwa na bahati kulikuwa na nakala ilitumwa Kew, ile hebariamu ya London, au kwingine kabla ya moto. Ukikosa bahati unarudi bonde lilelile alilopita yule mkusanyaji unautafuta mmea upya. Ndo maana nakuomba mkuu usitengeneze doa lingine, kusanya vizuri, nakala tano sita kama mmea unaruhusu, zigawanywe hebariamu tofauti. Arusha moja, Chuo Kikuu Dar moja, Nairobi moja, Kew moja. Moto ukitokea sehemu moja zingine zipo.

Pa kuanzia kusoma ni kile kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki tropiki, sehemu ya ukoo wa tangawizi aliyoandika Lock, 1985. Ina ufunguo wa utambuzi, unajibu swali hili unaenda namba ile. Nitakutumia kurasa. Pima ligula kwanza, kile kiulimi pale jani linapoanzia kwenye shina, ni kirefu kiasi gani, kimepasuka au kizima, kina vinywele au hakina. Watu wa tangawizi wanaishi na kufa kwa ligula.

MtotoWaSigi

Shikamoo Mama Iliki, samahani sana mama yangu. Nitauliza wazee.

Mzee Presi nimekuelewa. Ofisi nimeenda, nimepewa barua na naenda na askari wa msitu. Nikitoka nitawaambia.

Matehe_256

Utuambie pia kama tunda ni tamu. Hakuna mtu anauliza hiyo!

MtotoWaSigi (siku 9 baadaye)

WAKUU NIMEPATA UA. Tulilala kambini, saa 11 tukashuka na tochi, ruba wametula vibaya sana. Saa 12 na robo tukakuta mawili yamefunguka na moja linafunguka tunaliangalia. Ni kubwa kuliko nilivyodhani, upana wa kiganja changu karibu. Ule mdomo wa mbele ni waridi iliyopauka, katikati una njano kama ute wa yai inashuka mpaka kooni, kingo zimekunjamana kama kitambaa kilichotoka kufuliwa. Juu ya chavulio, pale chavua inapotoka, kuna vipembe viwili virefu kama vya swala na katikati yake kidole kifupi. Nimepiga picha 140 nikaweka na rula. Nyuki walikuja wakubwa wana mistari ya bluu tumboni, wanaingia mzima mzima wanatoka mgongo umejaa chavua.

Ligula milimita 31, haikupasuka, ncha imechongoka, pembeni ina vinywele vya fedha. Nimepima mashina 6, ya chini kabisa ilikuwa 27 ya juu 34.

Nimehesabu mashina 43 bonde zima. Tumechukua mawili. Maua matatu kwenye spiriti. Saa 5 nilirudi kuangalia lile moja nililoacha, lilikuwa limeshalala.

Kosa langu moja, lebo ya kwenye chupa niliandika kwa kalamu ya wino, asubuhi nakuta spiriti imekuwa ya bluu na karatasi nyeupe peee.

Bwana Presi

😂😂 Kila mmoja wetu amelipa hiyo ada. PENSELI. Kwenye spiriti ni penseli tu. Andika upya sasa hivi ukiwa unakumbuka: namba yako ya ukusanyaji, tarehe, bonde, mwinuko, GPS, na rangi za ua maana kwenye spiriti rangi zitaondoka zote, mwakani litakuwa jeupe kama mshumaa na hakuna atakayejua lilikuwa waridi. Namba ya chupa na namba ya gazeti iwe ileile.

Na hayo mashina 43 usiyahesabu kama mimea 43. Mama Iliki kashakwambia inatambaa chini. Inawezekana yote ni mimea mitatu, inawezekana ni mmoja. Hiyo ni muhimu ikifika wakati wa kusema iko hatarini kiasi gani. Zingine zinaandikwa leo na siku hiyohiyo zinaingia kwenye daraja la hatari ya kutoweka maana bonde ni moja. Hata ule mti mkubwa wa Udzungwa uliotangazwa juzi 2025, Tessmannia princeps, mti wa mita 40 ulikuwa unasimama kwenye misitu ya vijiji watu wanapita chini yake, hauna jina kwenye vitabu. Kama mti wa ghorofa kumi ulijificha, mmea wa kwenye kijito haushindwi.

Nimekaa na ufunguo wa 1985 na namba zako. Mpaka kwenye rangi tunaenda sawa, tukifika kwenye ligula unanigawanyika, wale wenye ua la hivi ligula zao ni fupi, na wenye ligula ndefu tunda lao lina mistari. Sisemi ni mpya. Nasema nimesogeza kiti.

MseeWaHebaria_Nai

Mimi nimeenda kabatini leo lunch. Kuna shiti tatu, zile karatasi zenye mimea mikavu, kutoka milima yenu zimeandikwa sp. tu. Mbili hazina ua. Ya tatu ina doa.

Nitapima ligula kesho.

Mama Iliki

Wazee umewauliza?

MtotoWaSigi

Nimewauliza mama. Wawili wamenipa jina moja, wa tatu kanipa lingine akasema wale wawili ni wa kuja hawajui kitu. Nimeandika yote mawili kwenye daftari na majina ya nani kasema nini, kwa ruhusa yao. Sijayaweka humu kwanza, wala jina la bonde sitaliweka, mzee Presi kaniambia inbox kuna watu wanapita mitandaoni kuchota mimea adimu. Kusini kule kuna tangawizi mwitu yao Wazulu wanaiita indungulu, imechimbwa kwa ajili ya dawa mpaka porini KwaZulu-Natal karibu iishe.

Matehe_256

Indungulu?? Na Waganda wanasema matungulu, na nyinyi mna kitunguu. Hiyo familia ya maneno ni moja au ni macho yangu?

KichwaNgumu_Tz

Haya na jina la mama mkubwa umeamua?

MtotoWaSigi

Bado. Mzee Presi ameniambia jina linakuja mwisho kabisa, na Aframomum kwa Kilatini ni kama kitu kisicho cha kike wala cha kiume, kwahiyo ukitumia jina la mahali mwisho wake unakuwa -ense sio -ensis, ila jina la mtu linafuata mtu mwenyewe, la mama linaishia -ae vyovyote. Nimeandika pembeni ya daftari nione linavyokaa. Linakaa vizuri.

Tamu kidogo @Matehe_256, chachu zaidi. Ila ngedere wananiwahi.

Mzee jumatatu nakuja Arusha na kila kitu. Swali la mwisho, chupa ya spiriti kwenye basi watanikubalia? Yule wakala wa tiketi kaniangalia vibaya.

Bwana Presi

Usibebe chupa imejaa, ni hatari kweli na wako sahihi kukataa. Maua yameshakunywa vya kutosha. Mwaga spiriti, yafunge kila moja kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa tu, tia mfuko wa zipu, alafu mfuko wa pili, alafu wa tatu, na lebo ya penseli ndani ya kila mmoja. Weka kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko yasibondwe. Siku mbili yatavumilia. Ukishuka stendi nipigie, spiriti nyingine iko ofisini.

Na magazeti usiyaweke kwenye buti la basi. Pakata.